Nguo ya sikukuu pili au nauli ya Pemba? Tuzungumze pesa ya kutembeza familia

KibarazaFuoni (mwenye uzi)

Asalaam alaykum wote humu.

Naleta hoja ambayo najua itanitolea maneno. Nasema hivi: familia ya kawaida ya hapa Unguja inaweza kutembea pamoja angalau mara moja kwa mwaka, na pesa ya safari hiyo itengwe mapema, kabla ya michango ya harusi, kabla ya makochi mapya, kabla ya nguo ya sikukuu pili, yaani siku ya pili ya Idi. Sisemi kabla ya chakula, kodi, dawa wala tuisheni. Hizo hazina mjadala.

Mtaniuliza pesa ipo wapi. Haya, tuhesabu. Nina watoto watatu. Sikukuu mosi kila mmoja nguo mpya na viatu, sikukuu pili nguo nyengine, na huyu mkubwa wa kike keshaanza kudai ya sikukuu tatu kwa sababu wenzake mtaani wanazo. Seti moja tuiweke 45,000, na hapo ni Darajani kwa kubishana na muuzaji mpaka akasirike. Seti sita ni 270,000. Idi ni mbili, kwa hiyo 540,000 kwa mwaka. Sijataja mkono wa Idi (pesa anayopewa mtoto siku hiyo), pazia jipya, rangi ya ukumbini wala kuku. Zaidi ya nusu milioni inakwenda kwenye nguo ambazo mtoto atazivaa mara mbili tatu kisha zimbane, na hakuna hata mtu mmoja anayeiita anasa.

Ila nikisema skuli zikifungwa Disemba niwapeleke Pemba, wakalale kwa bibi yao Chake, siku moja tukodi mashua ya kwenda kisiwa cha Misali, siku nyengine tufike ufukwe wa Vumawimbi, naambiwa nina pesa za kuchezea!

Nikikata seti ya pili tu, kwa Idi zote mbili, nabakiwa na 270,000. Haimalizi safari lakini inabeba sehemu kubwa ya nauli.

La pili linalonikera: watu wanatoka Italia na Poland kuja kuoga bahari yetu, na mtoto wa Jang'ombe anamaliza skuli ya msingi hajafika Nungwi, na daladala ya 116 inakwenda huko kila siku. Kima punju wa msitu wa Jozani anamjua kwa picha ya kitabuni.

Haya, nirusheni mawe.

BatiGeji28

Kabla hatujafika Misali: nyumba yako umeezeka?

KibarazaFuoni

Bado. Kuta zimefika lenta tu.

BatiGeji28

Basi nimemaliza. Mtu yupo lenta anataka kwenda Vumawimbi!

Mie fundi, nayaona haya kila siku. Bati la mwaka huu na la mwaka ujao si bei moja, saruji vivyo hivyo, na ukuta ukiuacha wazi ukapigwa na masika mawili matatu unaota ukoga, plasta ikija haishiki vizuri. Na huku unalipa kodi, na mwenye nyumba hataki ya mwezi mmoja, anataka ya miezi sita mkupuo. Ezeka kwanza, hamia, halafu hata ukitaka kwenda Maskati nenda.

KibarazaFuoni

Fundi, nakuheshimu, lakini jiulize kwa nini ipo lenta. Mwaka jana sikwenda pahala, hata Chwaka sikufika, na nyumba haikupanda tofali. Nikifungua daftari naona harusi. Mchango wa ukumbi, sare ya singo (siku ya kumsinga bi harusi), sare ya ukumbini, na zote mbili za harusi moja ya shoga yake mke wangu. Kisha binamu yangu, kisha mtoto wa jirani. Nilipokuwa natoa hizo hakuna aliyenambia "ezeka kwanza". Nimeambiwa leo nilipotaja boti.

BatiGeji28

Hapo una neno. Lakini mchango ni amana, yakhe. Una binti, siku yake ikifika watu watakuja kwako. Misali haiji kukuchangia.

BiKilua

Mimi nasimama na sikukuu, na sioni haya.

Kwani nyinyi mnatafuta likizo gani wakati tunayo? Siku nne nzima. Mpeleke mtoto Mnazi Mmoja jioni ya sikukuu mosi umtazame. Kashika mkono wake wa Idi kwenye kipochi kidogo cha shanga, hataki mtu amshikie. Anasimama mbele ya pembea, anauliza bei, anarudi nyuma kuhesabu, anakwenda kwenye bastola za maji, anauliza bei, anarudi tena. Mwisho ananunua miwani ya plastiki na barafu ya ukwaju, na chenji anaihesabu mara mbili chini ya taa ya muuza mishikaki. Mtoto wa miaka sita huyo! Pesa ni yake, uamuzi ni wake, na mtaa mzima upo pale. Hoteli gani itampa hayo?

Halafu unataka kesho yake arudi kiwanjani na nguo ya jana, wenzake wamebadilisha. Weye baba mtu huoni, lakini watoto wenzake wataona kabla hajafika langoni. Tafuta pesa pengine, sikukuu pili iwache.

TomondoKwetu

Bi Kilua umenikumbusha mbali. Ila tuseme kweli, siku hizi sikukuu mosi tu inatosha kumfilisi mtu.

ChumbaNamba7

Mie kazi yangu ni kuwatandikia vitanda walioko likizo, Kiwengwa. Miaka mingi sasa. Nina mawili ya kusema.

Kwanza, wale wageni mnaowaona si matajiri wote. Wapo, lakini wengi ni watu wa mishahara. Mama mmoja Mtaliana alinionesha simu yake: kila mwezi benki inamkata kidogo inaweka pembeni, na pale juu pameandikwa jina la safari. Alianza kuweka kabla hajajua atakwenda nchi gani. Kwao nguo hazibadilishwi kwa sherehe, gari ni ya zamani, ila safari ya mwaka haiguswi. Na wakishafika wanabana vile vile. Nimemuona mtu na mkewe wamekaa barazani na daftari wanabishana kama waende tena kwenye matumbawe au wabaki ufukweni bure. Walibaki ufukweni bure. Lakini tusiwaige kijinga: wao hawana michango ya singo, na mama zao wazee hawangojei kutumiwa pesa kila mwisho wa mwezi.

La pili ndilo linaloniuma. Skuli zikifungwa Disemba ndiyo hoteli zimejaa, hapo hakuna likizo kwa mfanyakazi. Likizo yetu inatoka masika, Aprili na Mei, na hoteli nyengine zinafunga kabisa, mnarudishwa nyumbani. Wakati huo watoto wapo darasani na mvua inapiga. Kwa hiyo sisi tunaoishi kwa likizo za watu ndio tusioweza kupanga yetu. Wanangu hoteli wanaijua mpaka getini.

Nilichofanya ni hiki. Masika zile hoteli zinazobaki wazi zinashusha bei, na nyengine zina bei ya mkaazi ukionesha kitambulisho. Jumamosi moja nawachukua, tunalipia chakula cha mchana, wanaogelea kwenye bwawa mpaka macho yanakuwa mekundu, jioni tunarudi kwa daladala. Mvua ikija wanacheka tu, si wapo majini tayari.

KibarazaFuoni

ChumbaNamba7, hiyo ya kuandika jina la safari juu ya akiba nimeichukua.

UmmKhamsa

Nimesoma yote nikingojea mtu aulize habari ya mama anayepika huko safarini, hakuulizwa. Basi nitasema mie.

Kaka Kibaraza, hiyo safari yako ya Chake kwa bibi, umemuuliza mkeo kama ni mapumziko? Maana kwa bibi huko ni kwa mama mkwe wake. Mie nimekwenda za namna hiyo. Naamka alfajiri, nakuna nazi, nafagia uwanja, nakaanga samaki wa watu kumi na wawili kwa sababu "wageni wa Unguja wamefika" na kila jamaa anakuja kuwaona. Mume kalala kwenye mkeka chini ya mwembe, anasema "hewa ya huku nzuri bwana". Watoto wamekwenda na binamu zao, hawaonekani mpaka magharibi, hao kweli wamepumzika. Mie narudi Unguja mgongo umekufa juu ya mbuzi ya nazi, na nguo za watu watano za kufua.

Kama pesa inatengwa kwa ajili ya familia kutembea, basi na mama wa familia atembee. Siku moja tu ambayo hakuna mtu anayeniuliza tunapika nini. Kwangu mimi hiyo ndiyo ingetangulia makochi, sare na pazia, wallahi.

BiKilua

Umm Khamsa umesema kweli tupu. Nami ndiyo maana sikukuu siiachi: siku hiyo pilau na biriani natumiwa na majirani, nami natuma, nusu ya siku jiko langu limezimwa.

MpembaAsili

Nyie wa Unguja mnaizungumza Pemba kama hakuna mtu anayeishi huku.

Mnakuja watano, mnakaa wiki mbili, mnaita "bure, tunalala kwa bibi". Bure kwa nani? Bibi yenu siku zote anakula muhogo na samaki wake mdogo, ameridhika. Akisikia wajukuu wanakuja anatuma mtoto dukani: mchele kilo kumi, sukari, mafuta, majani ya chai, andika kwenye daftari. Mnakula wali kila siku, mnapiga picha, mnaondoka na ndizi mkono wa tembo na asali mliyopewa. Bibi anabaki na lile daftari la duka mpaka karafuu zijazo. Mimi nina duka, najua ninachosema. Daftari lenyewe ninalo mie.

Na zawadi mnazoleta ni kanga. Bibi ana kanga sanduku zima, nyengine hazijapindwa.

Sikatai msije. Njooni. Watoto wasiojua kwao ni hasara, na kuna mambo huku Unguja hakuna: msitu wa Ngezi na popo wake wakubwa ambao duniani wanapatikana Pemba tu, mnara wa Kigomasha, na mkibahatika mkafika msimu wa mchezo wa ng'ombe watoto hawatasahau. Lakini mkihesabu bajeti yenu andikeni na chakula cha mwenyeji. Nunueni mchele na mafuta mjini, au fikeni kwangu mlipe taslimu.

TomondoKwetu

😂 Mwenye duka kaingia na biashara yake.

MpembaAsili

Cheka. Nimesema kweli au sikusema?

KibarazaFuoni

Umesema kweli. Kiroba cha mchele na dumu la mafuta naingiza kwenye hesabu, na kanga natoa.

MwalimuWaHesabu

Wote humu mnazungumza kama kila mtu ana nusu milioni ya nguo ya kukata. Kima cha chini cha sekta binafsi hapa Zanzibar kilipandishwa 2024 kikafika 347,000 kwa mwezi. Toa kodi, toa chakula, toa nauli ya kazini, toa umeme. Huyu mtu hata sikukuu mosi nguo ya mtoto analetewa na shangazi. Unamwambia nini kuhusu Misali?

Na kuna kundi la pili, walimu wenzangu na waajiriwa wa serikali, ambao mshahara upo ila wameukopea. Mtu anachukua mkopo wa miaka kadhaa anajenga msingi, anaongeza mkopo juu ya mkopo anaozesha, sasa naona wengine wanaongeza tena kwenda kutembea nje, picha zimepigwa vizuri sana, na makato yanaendelea wakati rangi ya picha imeshamchosha mwenyewe. Mimi nina sharti moja tu kwenye mjadala huu: safari haiendi kwa mkopo. Ukikopa kwa bati unabaki na bati.

BatiGeji28

Mwalimu!! Nilijua tu nitapata mtu.

KibarazaFuoni

Mwalimu, la mkopo nakubali mia kwa mia, sina la kujibu.

La mtu wa kima cha chini nalijibu. Kutembea si lazima kulala, na si lazima kuvuka bahari. Gari ya 309 inapita mlangoni mwa Jozani, na mwananchi halipi kiingilio sawa na mgeni, abebe kitambulisho tu. Au Chwaka, au Makunduchi, pilau imepikwa nyumbani usiku, imefungwa kwenye sufuria kwa kanga, maji kwenye dumu. Gharama ni nauli ya daladala. Ninachotaka ni siku iwe imepangwa, watoto wameambiwa wiki mbili kabla, wameingojea. Kungojea kwenyewe ni nusu ya raha kwa mtoto, na hakulipiwi.

Na kwa anayepata kidogo kidogo, kijaluba, akiba ya kikundi. Kikundi cha mke wangu wanaweka 5,000 kwa wiki. Wiki arubaini ni 200,000. Kawaida ikivunjwa inakwenda kwenye vyombo na pazia. Nasema tu, ibadilishwe njia mwaka mmoja tuone.

MwalimuWaHesabu

Hiyo 5,000 kwa wiki kwa mtu wa 347,000 ni 20,000 kwa mwezi, na ana watu wa kuwatumia kijijini. Lakini siku moja ya Jozani, hiyo naikubali. Sisi skuli tuliwahi kuwapeleka watoto, kuna waliokuwa hawajawahi kutoka nje ya Mjini Magharibi, na wapo darasa la sita.

SauraMaskati

Niko Maskati. Sisi huku tukija nyumbani likizo ni sanduku za zawadi, si kutembea. Nakaa wiki nne Unguja, sijafika ufukweni hata siku moja, nimefika misibani tu. Endeleeni.

NahodhaMstaafu

Nimewasoma. La pesa mtalimaliza wenyewe. Mimi nazungumzia chombo.

Familia ikishapanga safari ya Idi, tarehe haisogei. Mosi lazima wawe Pemba, baada ya Idi lazima warudi, na kila mtu kapanga hivyo hivyo. Hapo ndipo mtu anapojipenyeza kwenye chombo kilichokwishajaa kwa sababu tiketi keshakata na watoto wameshavaa. Septemba 10, 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, siku chache baada ya Idi, imebeba watu kupita kiasi kwa mbali. Mwaka uliofuata, Julai 18, ikawa MV Skagit, ikitoka Dar. Vyombo vya sasa si kama vile, nakubali, na ukaguzi upo. Lakini mimi nasema ukitenga pesa ya safari tenga na ya kulala siku moja zaidi, ili ukiona chombo kimejaa au bahari imechafuka uweze kusema "tutaondoka kesho". Aliyehesabu nauli mpaka shilingi ya mwisho hawezi kusema hivyo.

Kwa sababu hiyo hiyo Disemba ya skuli ni bora kuliko Idi, msongamano ni mdogo. Na kaskazi ikiwa haijashika sana bahari inavumilika.

BiKilua

Nahodha, Mungu akuweke. Hilo sikulifikiria, na hapo nasogea kidogo upande wa Kibaraza: sikukuu watu wakae walipo, safari iwe Disemba. Lakini nguo ya pili bado siiachi! Kata sare za mkeo.

UmmKhamsa

Bi Kilua nawe! Sare za mke zimekukosea nini? Kata mpira wake na chai za baraza.

KibarazaFuoni

Bi Umm, chai ya baraza ni ndogo sana hiyo, hata mashua haikodishi 😅

Jamani, mke wangu kausoma uzi. Nilimpa simu jana usiku, akasoma mpaka kwa Umm Khamsa akanyamaza, kisha akasema "huyu dada anaishi mtaa gani nikamsalimie?" Tumekaa tukapanga upya.

Nguo ya sikukuu pili inabaki kwa yule mdogo tu, maana wakubwa wawili tumewaeleza wakachagua safari wenyewe. Yule wa kike alitaka kujua kwanza kama kuna intaneti Misali. Sare tumekubaliana harusi za damu tu, nyengine unakwenda na dera ulilonalo. Fundi, tulichokata kwenye sare kinakwenda kwenye bati, sikukusahau. Kijaluba kinaandikwa PEMBA. Kwa bibi tunalala siku nne badala ya wiki mbili, na mchele tunakwenda nao. Kisha siku mbili tunaondoka sisi watano peke yetu upande wa Makangale, na hapo atakayepika ni mtu wa kulipwa. MpembaAsili, kuna mtu huko anapikia wageni kwa bei ya wenyeji? Si hoteli, mtu tu.

BatiGeji28

Bati leo leo, kaka. Usingoje Disemba.

MpembaAsili

Wapo. Kina mama wa Makangale wanapika ukiwaambia siku moja kabla: wali, samaki, mchuzi wa nazi. Samaki nunua mwenyewe asubuhi wavuvi wakirudi, usiwaachie wao wakununulie, utapigwa bei ya mgeni. Konde pita sokoni, baada ya hapo maduka ni ya kubahatisha. Mashua ya Misali panga na watu wa Wesha, siyo siku ile ile, na mpatane bei ya kwenda na kurudi kabla hamjapanda.

Ukishuka bandarini Mkoani panda daladala ya 603 mpaka Chake, usikubali teksi ya kwanza. Na watoto asubuhi hiyo wasile kitu kizito. Mkishaipita Nungwi bahari inarusha pale kwenye mkondo, mkishauvuka ndipo muwape mkate.

Mchele leta wa Mbeya. Bibi kachoka na mchele wa mapembe, ananiambia kila siku.